Kivumbasi Si Askari

Jina lake la kuzaliwa lilitumika zahanati tu, tena liliitwa mara mbili tatu kabla hajakumbuka kwamba ni lake. Mtaani aliitwa Bi Shazia. Shazia ni ile sindano ndefu ya kushonea magunia na magodoro, na mwanamke huyu alikuwa mrefu, mkavu, amenyooka, na akikuchoma kwa neno lilitokea upande wa pili. Waliompachika jina hilo walidhani wanamtania. Yeye akalipokea kwa mikono miwili, akawa analiitikia kabla hujamaliza kulitamka, na utani ukawafia mdomoni.

Kazi yake ilikuwa magodoro. Si haya ya sponji yanayouzwa yamefungwa nailoni, ambayo ukiyalalia mwaka mmoja yanabonyea katikati na hayarudi tena. Yeye alikuwa fundi wa magodoro ya sufi. Watu walimletea magodoro yaliyojaa mabonge, mengine yamerithiwa kwa bibi, naye huyafumua mshono kwa mshono, akaitoa sufi yote, akaichambua kwa vidole, akaianika juani na kuipiga fimbo mpaka ikaumuka. Kisha huishindilia upya, na kabla ya kufunga mshono wa mwisho alitia viganja vya majani makavu ya kivumbasi, kila pembe kiganja, na katikati viwili.

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akimwambia mteja. "Hawakuwa na godoro. Kunguni yumo godoroni."

Majani hayo hakuyanunua. Alipohamia kwenye ile nyumba ya kupanga, yenye safu mbili za vyumba vinavyotazamana na ua katikati, alikuja na mbegu zake zimefungwa kwenye pindo la nguo. Akazisia mlangoni, chini ya dirisha, na kandokando ya njia ya bafuni. Kivumbasi hakina makuu. Hukidekezi, humwagii mbolea, nacho kinaota utadhani kina kisasi na mtu. Mvua mbili hazikupita, Bi Shazia akawa na ua wa majani unaomfika kiunoni, na kila apitaye kwenda kuoga alirudi nguo zinanukia.

Mwenye nyumba hakukipenda. Huyu naye alikuwa na jina lake, Bwana Kesho, na hakuna aliyehitaji kuelezwa lilikotoka. Bati linavuja? Kesho. Mlango wa choo umeng'oka bawaba? Kesho, mama, kesho. Alikuwa mtu mpole, hapandishi sauti, anakupa pole mpaka unaona haya kuwa umelalamika, na upole wake ndio uliokuwa balaa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo ya wapangaji wake yalikuwa yamekwisha kufa ganzi.

Jambo kubwa alilokuwa akilipiga kesho lilikuwa mtaro. Nyuma ya vyumba ulipita mtaro wa saruji, unapokea maji ya mvua na ya kufulia, ukiyatoa mpaka kwenye mfereji mkubwa wa barabarani. Ulifanya kazi vizuri tangu nyumba ijengwe. Kisha Bwana Kesho akaona pembe ya mbele imekaa bure, akajenga pale kichumba cha biashara, juu kabisa ya mdomo wa mtaro, akampangisha kinyozi. Mwashi alimwambia aweke bomba pana chini ya sakafu. Akaweka bomba jembamba, la kupitisha maji ya birika. Tangu hapo maji ya nyuma yakakaa. Yalikuwa ya kijani, mazito juu, na jioni yakitoa mbu kama moshi.

Siku moja Bwana Kesho akaja na panga. Bwana Kesho, ambaye hakuwahi kushika hata nyundo.

"Bi Shazia, samahani sana," akasema. "Wapangaji wanalalamika kuhusu mbu. Hiki kichaka chako ndicho kinachowaficha. Inabidi kiondoke."

Wapangaji walikuwa wametoka milangoni. Mama Pacha wa chumba cha kati, mwenye watoto wawili wanaofanana, na kuku wasiofanana, akaitikia kwamba kweli, kichaka chini ya dirisha si kitu kizuri. Kinyozi naye akatoka kibandani kwake na mkasi mkononi, akasema yeye ni mtu wa kupunguza, kama ni majani wampe ayanyoe.

Hapo Bi Shazia akapandwa na hasira. Aliyekuwa na mtaro uliooza alikuwa amemjia na panga juu ya majani mazima, na wenzake wanacheka. Akasimama mbele ya kivumbasi chake mikono kiunoni.

"Mbu wako kwenye maji yako, Bwana, hawako kwenye majani yangu. Na nikupe taarifa ambayo hukuiomba. Palipo na kivumbasi, mbu hapiti. Nimesema hapiti. Kata uone."

Bwana Kesho hakukata. Hakuwa mtu wa kukata kitu mbele ya mwanamke aliyesimama vile. Akasema watazungumza kesho. Lakini lile neno "hapiti" lilikuwa limekwisha kutoka, na mdomo uliponza kichwa. Bi Shazia alikijua kivumbasi tangu utotoni na alijua kabisa kuwa hakifanyi hivyo. Alisema kwa hasira, na neno la hasira ndilo watu hulikumbuka.

Ili asionekane muongo akaanza kuwafundisha. Jioni alichoma majani mabichi kidogo kwenye jiko lenye makaa yanayofifia, moshi ukapita uani, na kweli walikaa nje bila kujipigapiga miguu kwa muda. Akawaonyesha kuyasugua kwa viganja na kujipaka shingoni na vifundoni. Mama Pacha akafundishwa kutandika matawi kwenye viota vya kuku wake, utitiri ukapungua; akafundishwa kuchanganya majani makavu na maharage ndani ya debe, wadudu wasiyatoboe. Kinyozi alipokuwa na mafua alifunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani yanayochemka, akatoka humo amelowa, pua imezibuka, anaapa kuwa ameona mbingu.

Watu wa ua ule walikuwa wametoka kila mmoja kwao, na kila mmoja alikuwa na jina lake la mmea huo. Mmoja aliuita kivumbashi. Mwingine aliuita mrehani wa porini, kwa dharau kidogo. Kinyozi, ambaye biashara yake nusu ni mdomo, akauita fukuza mbu, akaweka matawi kwenye glasi mbele ya kioo chake na kumweleza kila kichwa kilichokaa kwenye kiti. Jina hilo ndilo lililoenea.

Bi Shazia alilichukia. "Kinaitwa kivumbasi," alisema kila aliposikia. "Kufukuza mbu ni kazi mojawapo, tena mpaka ukisaidie. Wewe Kinyozi tunakuita Kinyozi, hatukuiti Ondoa Upara."

"Lakini si wewe uliyesema hapiti?" Kinyozi akamjibu, na Bi Shazia akarudi kwenye sufi yake, akaipiga fimbo kuliko ilivyohitaji.

Mambo yakazidi. Mama Pacha akaona chandarua cha nini tena, akakishusha, akakifanya wavu wa kuzuia kunguru wasichukue vifaranga. Wengine wakavikunja vyao wakaviweka juu ya kabati. Na Bwana Kesho, ambaye miezi michache nyuma alikuja na panga, akaleta mchoraji akaandika kwenye ukuta wa barabarani, kwa herufi nyekundu: NYUMBA YA FUKUZA MBU. VYUMBA VIPO. Alipoambiwa habari ya mtaro akawa na jibu jipya, na ni mara ya kwanza kusikika akisema kitu kingine zaidi ya kesho.

"Mtaro wa nini, mama? Si mna kivumbasi?"

Bi Shazia alikuwa akiishi na mjukuu wake, mtoto wa kike wa miaka minne, mwenye maswali kuliko meno. Mama yake mtoto, binti wa pekee wa Bi Shazia, alifua mashuka kwenye hoteli moja mjini, kwa zamu, akirudi nyumbani mikono imekauka kwa sabuni. Kwa hiyo mtoto alikulia kwenye sufi. Alilala kwenye sufi, alijificha kwenye sufi, na ukimpapasa nywele siku yoyote ungekuta nyuzi nyeupe. Chandarua cha Bi Shazia hakikushuka hata siku moja. Lakini mtoto huwezi kumfunga ndani ya chandarua kuanzia alasiri, na mahali alipopenda kucheza palikuwa nyuma ya vyumba, kwenye kivuli, karibu na yale maji.

Akaanza homa. Ikatibiwa, akapona. Haukupita muda ikarudi. Ilipokuja mara ya tatu katika msimu uleule wa mvua, Bi Shazia alimbeba mgongoni mpaka zahanati, na mtoto ambaye hanyamazi alikuwa amenyamaza njia nzima. Muuguzi akampima, akasema ni malaria tena, akaandika dawa.

"Mnalala kwenye chandarua?"

"Kila siku."

"Karibu na nyumba pana maji yaliyotuama?"

Bi Shazia akamfunika mtoto kanga vizuri. Muuguzi akamtazama vizuri, akatabasamu. "Kwani wewe si wa ile nyumba yenye maandishi? Nyumba ya fukuza mbu?" Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya, Bi Shazia angejua la kumjibu.

Jioni hiyo binti yake alirudi kutoka kazini, akakaa kitandani kwa mtoto, akamshika mguu uliokuwa bado wa moto. Alikuwa amelia njiani, ilionekana.

"Mama, Jumamosi nampeleka kwa shangazi yake."

"Kule? Safari ya siku nzima?"

"Kule hakuna maji nyuma ya nyumba."

"Utakuwa unamwona lini?"

"Mama, usiniulize hivyo. Unadhani napenda? Mtoto ataniishia mkononi. Anaumwa hapa, hapa penye kivumbasi chako, ambacho mbu hapiti." Akasita. "Nisamehe. Sikukusudia."

Lakini alikusudia, na alikuwa na haki. Bi Shazia alitoka nje akakaa kwenye lundo la magunia. Alikuwa amezika mume, amezika dada zake, amefukuzwa vyumba viwili kabla ya hiki, na hakumbuki mara ya mwisho kuogopa kitu. Sasa aliogopa. Nyumba bila yule mtoto ingekuwa sanduku la kuwekea sindano.

Kesho yake alimfuata Bwana Kesho kwake. Alimkuta anakunywa chai barazani, akakaribishwa kiti, akakikataa.

"Nataka sakafu ya kinyozi ivunjwe, bomba litolewe. Kabla ya Jumamosi."

"Bi Shazia, kaa kwanza."

"Nikikaa nitachelewa."

"Nikivunja pale, kinyozi atafanyia kazi wapi? Na mimi nitakula nini?" Akaweka kikombe chini kwa utaratibu. "Tena Jumamosi asubuhi nina wageni, wanakuja kuona vile vyumba viwili vya mwisho. Watu wa heshima. Wamekuja kwa ajili ya kivumbasi chako, mama. Wewe ndiye tangazo langu. Nikuombe uwaeleze mwenyewe, kwa kinywa chako, kama ulivyonieleza mimi."

"Nieleze nini?"

"Kwamba hapiti."

Bi Shazia akageuka kuondoka. "Nitawaeleza," akasema, na Bwana Kesho akafurahi, maana hakumjua vizuri.

Jumamosi kulipokucha wapangaji walisikia kishindo cha udongo. Walitoka na miswaki midomoni. Bi Shazia alikuwa ameinama mbele ya mlango wake, anashika kivumbasi shinani, anavuta, kinatoka na mizizi yake, anakikung'uta kwenye goti, anakitupa kwenye turubai. Chini ya dirisha palikuwa peupe tayari. Njia ya bafuni ilikuwa peupe nusu. Harufu ilijaa ua mzima, kali, ya kuwasha macho.

"Bi Shazia!" Mama Pacha akaja mbio. "Unafanya nini? Na sisi tutakaaje?"

"Mtakaa na vyandarua. Chako kimo bandani kwa kuku. Nenda kakifue."

Kinyozi alikuwa amesimama na taulo begani. "Mama, mtu akigombana na mwenye nyumba hang'oi vitu vyake mwenyewe. Anang'oa vya mwenye nyumba."

"Nisikilizeni, na msinikatize kwa sababu sitarudia." Alinyoosha mgongo. "Nilisema palipo na kivumbasi mbu hapiti. Nilisema uongo. Nilikuwa na hasira, mlikuwa mnanicheka, nikasema. Anapita. Amepita akamuuma mjukuu wangu mara tatu. Kivumbasi si askari. Ukikichoma, moshi wake unawasumbua. Ukijipaka, unapata ahueni ya muda. Kwenye godoro na kwenye maharage hakina mpinzani, na atakayebisha aje nimfumulie godoro. Lakini kikisimama hapa mlangoni, kinafanya kazi ya kusimama. Na yule bwana anakitumia kutunyima mtaro. Basi leo hana."

Akainama akaendelea. Hakuna aliyecheka. Aliumia, nisiseme uongo. Kile kilikuwa kivumbasi alichotoka nacho mbali, na kila shina lilipotoka alihisi kama anavuta uzi wa nguo aliyoivaa. Lakini hakupunguza mwendo.

Bwana Kesho alifika na wageni wake wakati turubai limejaa. Walikuwa kijana na mkewe, mke tumbo limetangulia. Bwana Kesho alikuwa amevaa shati jeupe. Alisimama langoni mdomo wazi, lakini mgeni wa kike alikuwa ameshaanza kunusa.

"Ndiyo yale majani?" akauliza.

"Ndiyo haya, mwanangu. Mshike mumeo mkono, njooni." Bi Shazia alichuma jani, akalisugua, akamtia kiganjani. "Nusa. Zuri, eh? Nimeombwa niwaeleze linavyofanya kazi, na nitawaeleza. Jipakeni jioni, litawasaidia kidogo. Sasa nifuateni nyuma."

"Bi Shazia, nyuma hakuna haja," Bwana Kesho akasema.

"Nyuma ndiko mbu wanakozaliwa. Mgeni ataachaje kuona wenyeji?"

Akawapeleka. Akaokota kopo, akachota maji ya mtaro, akamwonyesha yule mama mjamzito. Ndani yake viluwiluwi vilikuwa vinajinyonganyonga, vingi, vinapanda na kushuka. Mgeni alirudi nyuma hatua moja, akashika tumbo lake. Mumewe hakuuliza bei. Walimshukuru Bi Shazia kwa adabu, wakamuaga Bwana Kesho bila kumtazama, wakaondoka, na Bwana Kesho akawafuata barabarani akiwaeleza kwamba mtaro utazibuliwa kesho.

Kabla hajatoka langoni aligeuka. Kwa mara ya kwanza alipandisha sauti. "Mwisho wa mwezi, mama. Vitu vyako nje."

Akufukuzaye hakwambii toka, wanasema, lakini huyu alikuwa ameona mafumbo hayamwingii. Bi Shazia alisikia. Aliingia chumbani, akatoka na mtaimbo aliouazima kwa mwashi siku iliyotangulia, maana hakuja kwenye vita hii bila silaha, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa kinyozi.

Kinyozi alikuwa ameshafika mlangoni kabla yake, ameshika miimo yote miwili.

"Hapana, mama."

"Bomba liko chini ya kiti chako."

"Najua liliko. Hapa ndipo ninapokula. Nikikuachia uvunje, kesho nitanyoa wapi? Kwenye mwavuli?" Hakuwa akitania sasa. "Yeye amekufukuza wewe. Mimi hajanifukuza."

"Sitakusukuma," Bi Shazia akasema. "Nina nguvu ya kukusukuma, lakini sitakusukuma. Nakuomba."

Neno hilo halikuwahi kusikika kinywani mwake. Kinyozi mwenyewe aliangalia chini. Na huko chini, mbele ya miguu ya bibi yake, alikuwa amesimama yule mtoto, amevishwa nguo ya safari, ana kibegi mgongoni, anamngoja mama yake atoke zamu waondoke. Alikuwa mteja wa Kinyozi. Alikuwa akiwekewa ubao juu ya mikono ya kiti ili kichwa kifike kwenye kioo, na alikuwa akidai anyolewe kama abiria wa ndege, mtindo ambao Kinyozi hakuwahi kuuelewa.

"Na wewe safari ya wapi?" Kinyozi akamuuliza.

"Kwa shangazi," mtoto akasema. "Hapa pana homa."

Kinyozi akakitazama kile kibegi. Kisha akaachia miimo, akaingia ndani, na wakasikia kitu kizito kinaburutwa. Akatoka kinyumenyume na kiti chake, akakiweka nje ukutani, chini kabisa ya yale maandishi mekundu. Akarudi akatoa kioo.

"Nywele hazijui zinanyolewa ndani au nje," akasema. "Vunja. Ila mimi nishike mtaimbo, wewe utajivunja mguu utupe lawama."

Walivunja kwa zamu. Sakafu ya Bwana Kesho ilikuwa nyembamba kama ahadi zake, haikuwapa taabu. Bomba lilipotokeza, Kinyozi akalipasua, na hapo ndipo ilipoonekana aibu nyingine. Bomba lilikuwa limejaa nywele. Nyeusi, za mvi, za rangi ya dukani, za mtaa mzima, zimeshindiliwa na matope na sabuni mpaka zikawa kitu kimoja. Miaka yote hiyo, kwenye pembe ya kibanda, palikuwa na kitundu cha kupitisha maji, na kila jioni Kinyozi alikuwa akizifagilia humo kwa sababu ndoo ya taka ilikuwa mbali.

"Nilidhani zinakwenda," akasema kwa sauti ndogo.

Bi Shazia alipiga magoti, akaingiza mkono mpaka kwenye bega. "Kinyozi, umenipita ufundi," akasema. "Umeshindilia godoro bila kitambaa." Akaanza kuzitoa, bonge kwa bonge, kwa vidole vile vile vya kuchambulia sufi, bila haraka, maana hiyo ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote: kutoa kilichoganda ndani. Mama Pacha akaleta ndoo, akageuza uso, lakini akaleta. Kulikuwa na sauti moja nzito, kama mtu anayemeza, na maji yakaanza kusogea.

Yalitoka taratibu, kisha kwa nguvu. Yalipita chini ya kibanda, yakaingia mfereji wa barabarani, yananuka vibaya kuliko kitu chochote mtaa ule uliwahi kunusa, na watu waliziba pua huku wanashangilia.

Binti wa Bi Shazia alifika wakati huo, mkoba begani, nauli ya basi imefumbatwa mkononi. Alimkuta mama yake amelowa mpaka kifuani, nywele za watu zimemganda mikononi. Na Bwana Kesho alifika nyuma yake, amewapoteza wageni.

Aliangalia sakafu. Aliangalia kiti cha kinyozi kilichokuwa nje. "Nani ameruhusu?"

"Sijaomba ruhusa," Bi Shazia akasema. "Bomba lako hili hapa. Ukitaka kuziba, ziba sasa hivi, sisi tunakutazama."

"Si mwisho wa mwezi tena. Utahama leo."

"Nitahama. Lakini maji yametangulia."

Bwana Kesho akatafuta uso wa kumwunga mkono. Mama Pacha alikuwa anamimina ndoo. Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha nje, miguu imenyooshwa, anamtazama kama anayemngoja aseme anataka mtindo gani. Bwana Kesho akaondoka akiruka matope ili asichafue suruali.

Binti akatua mkoba. Alizunguka nyuma ya vyumba, akakaa huko kidogo, akarudi.

"Yameshuka," akasema. "Saruji inaonekana."

"Panataka kusuguliwa bado. Na mvua ikinyesha ndipo tutajua."

"Mama, akikufukuza kweli?"

"Tutatafuta chumba. Na mimi kabla ya kuuliza kodi nitauliza maji yanapita wapi." Bi Shazia alijifuta uso kwa kiwiko. Sauti yake ilipotoka tena haikuwa ya kuchoma. "Habari ya mtoto, sikushiki. Wewe ndiye mama yake. Basi halijaondoka."

Binti aliutazama mfereji, ambao ulikuwa bado unapokea maji meusi. Kisha akachuchumaa mbele ya mwanawe, akamvua kibegi mgongoni, akakifungua, akatoa viatu vya mpira, vile vya mvua, akamvisha kimoja, na kingine.

"Nenda kachezee mbele," akamwambia. "Huku nyuma mimi na bibi yako tuna kazi."